Tundu la hereni linapotunga usaha: jinsi ya kutambua na kutibu

Sikio lililotogwa karibuni ni kidonda kilichotoboka upande hadi upande, na kidonda hicho hulazimika kupona huku kikiwa na chuma ndani yake. Si ajabu, basi, kwamba baadhi ya matundu ya hereni huingiwa na bakteria, hasa stafilokokasi, ambao kwa kawaida huishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wenye afya njema bila kuwadhuru. Maambukizi mengi ya ndewe, yaani ile sehemu laini ya chini ya sikio, huwa madogo na hutulia kwa matunzo ya nyumbani ya siku chache. Maambukizi ya sehemu ya juu, kwenye gegedu, ni jambo jingine kabisa, na kuchelewa siku mbili tatu kunaweza kumgharimu mtu umbo la sikio lake kwa maisha yake yote. Ninamwomba msomaji aishike tofauti hiyo tangu sasa, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama atabaki nyumbani na bakuli la maji ya chumvi au ataondoka leo hii kwenda kituo cha afya.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba ni maambukizi kweli

Sikio linalopona vizuri nalo huuma kidogo katika siku za mwanzo, huvimba kiasi, na hutoa majimaji meupe au yasiyo na rangi ambayo hukauka na kuwa ukoko mwembamba kuizunguka hereni. Huo si usaha, na hauhitaji dawa yoyote zaidi ya usafi. Ndewe huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kupona, ilhali gegedu huweza kuchukua miezi 4 hadi 12, kwa hiyo mtu aliyetogwa sehemu ya juu asishangae anapoona ukoko miezi mitatu baadaye. Kinachotakiwa kumtia wasiwasi ni mwelekeo wa mambo. Uponaji wa kawaida huendelea kuwa afadhali kila siku, ilhali maambukizi huzidi, na mara nyingi huanza baada ya sikio kuwa limetulia kwa siku kadhaa.

Maelezo mengi ya kitabibu humwambia mgonjwa atafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi ushauri huo humpotosha mtu, kwani wekundu huenda usionekane kabisa hata sikio likiwa limeshika moto. Ngozi iliyoambukizwa huonekana nyeusi zaidi kuliko ile inayoizunguka, au yenye rangi ya zambarau iliyoiva, na huwa imenyooka na kung'aa kwa sababu ya uvimbe ulioivuta. Tumia mkono kuliko jicho. Nawa, kisha weka mgongo wa vidole kwenye sikio lenye shaka, halafu kwenye lile jingine. Kama moja lina joto zaidi waziwazi, basi hiyo ni dalili yenye uzito kuliko rangi yoyote. Litazame pia kwa nyuma, mahali ambapo wengi hawatazami, kwa maana usaha mara nyingi hujikusanya chini ya kifungio cha hereni na mbele pakabaki pazuri. Kupiga picha kwa simu kila asubuhi, mahali pamoja na kwenye mwanga uleule, husaidia sana kujua kama uvimbe unapungua au unapanda.

Dalili nyingine za maambukizi ni maumivu ya kupwita yanayomnyima mtu usingizi wa upande huo, usaha mzito wa rangi ya njano au kijani, harufu mbaya, na hereni kuanza kubana kana kwamba imekuwa ndogo. Tezi za nyuma ya sikio au za shingoni zinaweza kuvimba na kuuma zinapoguswa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi inaonyesha kwamba tatizo limetoka kwenye tundu na kuugusa mwili mzima.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya na maambukizi, wakayatibu kwa antibiotiki bila faida. La kwanza ni mzio wa madini, hasa nikeli, ambayo imo katika hereni nyingi za bei nafuu. Sikio lenye mzio huwasha kuliko kuuma, ngozi yake hukauka, hupukutika na kuwa na vipele vidogo, majimaji yake ni meupe, na kwa kawaida masikio yote mawili huathirika kwa pamoja. Dawa yake ni kuondoa chuma hicho na kuvaa titani au dhahabu ya karati 14 kwenda juu, wala si kumeza vidonge. Hata hivyo, mtu akijikuna sana hufungua njia ya bakteria, na hapo huwa ana matatizo mawili kwa wakati mmoja.

La pili ni keloidi. Hili ni kovu linalokua kupita mipaka ya kidonda chenyewe, gumu, laini kwa juu, lisilo na usaha wala joto, na hujitokeza wiki au miezi mingi baada ya kutogwa. Watu wenye asili ya Afrika hupata keloidi zaidi kuliko wengine, na hali hii huenda katika ukoo. Keloidi haikatwi nyumbani wala haifungwi uzi ili idondoke. Ikikatwa bila tiba nyingine ya kuizuia, kama vile sindano za steroidi, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya pili: Angalia tundu liko wapi, kisha amua

Kunja sikio lako taratibu kwa vidole. Sehemu inayokunjika kama kitambaa ni ndewe, yenye nyama, mafuta na damu ya kutosha kupambana na bakteria. Sehemu inayokataa kukunjika na kurudi mahali pake ni gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu ya kwake. Hulishwa na utando mwembamba ulioligandamia pande zote. Usaha unapojipenyeza kati ya utando huo na gegedu, chakula hukatika, gegedu hufa, na sikio husinyaa na kujikunjakunja kwa namna ambayo hata upasuaji hauwezi kuirekebisha kikamilifu. Aidha, bakteria anayependa kushambulia gegedu lililotogwa ni Pseudomonas, ambaye hastuki kwa amoksilini wala kwa dawa nyingi ambazo watu huzinunua dukani bila cheti.

Kwa sababu hiyo, ikiwa sehemu ya juu ya sikio imevimba, ina joto na inauma hata kuguswa na mto, ilhali ndewe imebaki salama, usianze majaribio ya nyumbani. Nenda siku hiyohiyo kwa tabibu. Fanya vivyo hivyo, hata kama tundu liko kwenye ndewe, ukiona homa, uvimbe unaosambaa kuelekea shavuni au shingoni, donge laini linalotikisika kama lina maji ndani, au hereni iliyomezwa na nyama kiasi kwamba mbele au nyuma yake haionekani tena. Mtoto mchanga, mtu mwenye kisukari, anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, mgonjwa wa selimundu, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu na mwenye ugonjwa wa valvu za moyo hawapaswi kusubiri kuona itakuwaje.

Wengine wote wenye maambukizi madogo ya ndewe wanaweza kuendelea na hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: Safisha kwa maji ya chumvi mara mbili hadi tatu kwa siku

Maji ya chumvi ya hospitali, yale yanayouzwa kwenye chupa katika maduka ya dawa, ndiyo bora kwa sababu yamekwisha kutakaswa na kipimo chake kinalingana na cha mwili. Ukikosa, chemsha nusu lita ya maji, yaache yabaki vuguvugu, kisha koroga humo robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi hadi iyeyuke yote. Usizidishe chumvi kwa kudhani kwamba itaua bakteria haraka zaidi. Chumvi ikizidi huunguza ngozi changa na kuikausha, na kidonda hurudi nyuma. Tengeneza maji mapya kila siku na umwage yaliyobaki.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chochote. Loweka kipande cha shashi safi, kigandamize kwenye sikio mbele na nyuma kwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kinapopoa. Vuguvugu hilo hulainisha ukoko, huongeza mzunguko wa damu na huufungulia usaha njia ya kutoka wenyewe. Ukoko ulioloa utafutika kwa kuguswa tu. Usiubandue kwa kucha, na usikamue usaha, kwa kuwa kukamua huusukuma ndani sawa na unavyousukuma nje. Pamba ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu huacha nyuzi ambazo hujizungusha kwenye kijiti cha hereni na kugeuka maskani mapya ya uchafu.

Ukimaliza, kausha kwa shashi nyingine kavu. Taulo linalotumiwa na familia nzima lisiguse sikio. Katika siku hizo, nywele zifungwe mbali na sikio, mafuta ya nywele na dawa za kulainishia nywele zisifike hapo, na foronya ibadilishwe mara kwa mara. Anayejifunga ushungi au mtandio ahakikishe kwamba haubani wala haunasi hereni, na uwe umefuliwa. Kuogelea baharini, mtoni au kwenye bwawa kusimame mpaka kidonda kifunge.

Watu wengi huambiwa waizungushe hereni ili isigande. Ushauri huo ni wa zamani, na katika tundu lililoambukizwa una madhara, kwani kila mzunguko huchana ngozi mpya na kuburuta ukoko wenye bakteria kuupitisha ndani ya kidonda.

Hatua ya nne: Usiivue hereni, isipokuwa kwa sababu maalumu

Jambo la kwanza ambalo mtu mwenye maumivu hutaka kulifanya ni kuichomoa hereni, nami naelewa kwa nini. Lakini tundu bichi la ndewe huweza kujifunga katika muda mfupi sana, na likijifunga usaha ukingali ndani, kilichokuwa maambukizi madogo hugeuka jipu. Hereni ikiwa mahali pake huliacha tundu wazi, na usaha hupata pa kutokea. Kinachofaa ni kulegeza kifungio cha nyuma hadi kiwe na nafasi ya kutosha kwa uvimbe. Ikiwa kijiti ni kifupi mno hata hakina pa kulegezewa, omba mhudumu wa afya akubadilishie kwa kingine kirefu zaidi.

Sababu za kuivua ni chache: mzio wa dhahiri, hereni iliyozama kwenye nyama, ambayo kwa kweli inapaswa kutolewa na tabibu, au maagizo ya tabibu mwenyewe. Uzi na njiti ya ufagio navyo viondolewe. Katika familia nyingi bado sikio hutogwa kwa sindano, kisha uzi uliopakwa mafuta au kipande cha njiti huachwa ndani mpaka kidonda kikauke. Vyote viwili hunyonya usaha na haviwezi kusafishika, kwa hiyo tundu lililoambukizwa haliwezi kupona vikiwa humo. Loweka kwanza kwa maji ya chumvi, kata uzi karibu na ngozi, vuta upande ulio safi zaidi utokee upande wa pili, kisha endelea na usafi ule ule. Kama hakuna hereni safi ya kuweka mahali pake, bora tundu lizibe baada ya usaha kwisha, litogwe tena siku nyingine.

Hatua ya tano: Chagua dawa kwa uangalifu

Kwa maambukizi madogo ya ndewe, maji ya chumvi yanaweza kutosha. Mfamasia au tabibu anaweza kuongeza dawa ya kupaka yenye mupirosini au asidi ya fusidi, ambayo hupakwa kidogo sana, baada ya kusafisha, kwa idadi ya siku alizoagiza. Kupaka tabaka zito hakuongezi nguvu ya dawa. Huziba tundu tu. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidisha vidonge 8 kwa siku, na mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Aspirini isitolewe kwa mtoto aliye chini ya miaka 16.

Spiriti, haidrojeni peroksidi na ayodini vina kazi zake, lakini vikirudiwarudiwa kwenye kidonda kinachopona huua seli mpya pamoja na bakteria. Dawa ya zambarau, ambayo imo katika nyumba nyingi, ina tatizo jingine: huipaka ngozi rangi nzito kiasi kwamba wewe na tabibu wako hamwezi tena kuona kama kidonda kinapungua au kinaenea.

Linaloniumiza zaidi ni ile desturi ya kufungua kidonge cha antibiotiki cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo umetengenezwa ufike kwenye damu kwa kupitia tumboni. Ukiwekwa juu ya sikio, hugandana na usaha ukawa saruji inayofunika uchafu, na mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika vibaya. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, kitunguu saumu kilichosagwa na maji ya betri havina nafasi yoyote kwenye sikio la binadamu. Vingine huunguza ngozi hadi kuacha kovu kubwa kuliko lile ambalo maambukizi yenyewe yangeliacha.

Vilevile, usinunue vidonge vinne au sita vya antibiotiki kwa kubahatisha. Kiasi hicho hupunguza bakteria dhaifu na kuwaacha sugu, na siku tatu baadaye unarudi ulipoanzia ukiwa na ugonjwa mgumu zaidi kutibika.

Hatua ya sita: Pima maendeleo baada ya saa 48

Kama usafi umefanyika ipasavyo, katika siku mbili unapaswa kuona joto likipungua, kupwita kukiisha na usaha ukigeuka majimaji mepesi. Hali ikiwa ileile, au mbaya zaidi, nenda zahanati au kituo cha afya. Mweleze tabibu lini ulitogwa, kwa kifaa gani, umepaka nini na umemeza nini. Usifiche hata lile unalodhani ni la aibu. Kwa ndewe, huenda akakuandikia kloksasilini, flukloksasilini au sefaleksini. Kwa gegedu la mtu mzima, dawa inayotumiwa mara nyingi ni siprofloksasini, kwa kuwa humfikia Pseudomonas. Kwa mtoto na mama mjamzito uamuzi huo unahitaji uangalifu zaidi. Jipu likiwepo, litapasuliwa baada ya ganzi, na hakuna kidonge kitakachochukua nafasi ya kupasuliwa huko. Maliza dozi yote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu.

Mambo ya kufuatilia ikiwa kifaa kilichotumika hakikuwa salama

Sindano iliyotoga masikio ya watu kadhaa bila kutakaswa inaweza kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pamoja na VVU. Ikiwa hilo limetokea, usisubiri dalili za usaha. Dawa ya kinga dhidi ya VVU inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa, kwa hiyo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na useme wazi kilichotokea. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Kukaza kwa taya, shingo kuwa ngumu au misuli kushikana katika siku au wiki zinazofuata ni dharura inayopelekwa hospitali bila kupitia kwingine kokote.

Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba mtoto mchanga asitogwe kabla hajakamilisha chanjo za mwanzo. Nchini Tanzania na Kenya, chanjo iliyo na kinga ya pepopunda hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na hakuna hasara yoyote kwa msichana kusubiri mpaka zipite.

Hata chupa ya dawa iliyo mezani kwa mtogaji si dhamana. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wateja waliotogwa gegedu kwenye kibanda kimoja cha vito walishambuliwa na Pseudomonas, na uchunguzi ukaonyesha kwamba bakteria hao walikuwa wamemea ndani ya chupa ya kunyunyizia iliyotumika kusafishia. Bastola ya kutogea nayo hupasua gegedu kwa kishindo badala ya kulitoboa, na nyingi haziwezi kuchemshwa wala kutakaswa kwa mvuke. Kwa sehemu ya juu ya sikio, idai sindano mpya yenye tundu, iliyofunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yako.

Kutoga upya

Tundu lililoziba baada ya maambukizi lisitobolewe tena mpaka ngozi ilainike na uvimbe wote uishe, jambo ambalo huchukua miezi kadhaa. Tundu jipya liwekwe pembeni ya kovu, si katikati yake, kwa sababu ngozi ya kovu ina damu kidogo na hupona polepole. Mwenye kujua kwamba aliwahi kuota keloidi mahali popote mwilini, au ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja ameota, azungumze na daktari wa ngozi kabla ya kutogwa tena. Hereni za kubana zisizohitaji tundu zinapatikana, na kwake huenda ndizo zinazofaa.